BARIDI YA TUKUYU SI YA MCHEZO: Historia ya Ukuta wa Bafu, Bomba la Maji na Watu Ambao Majina Yao Hayakuandikwa

Shuka stendi ya Tukuyu saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, ukiwa umevaa shati lako la mikono mifupi la Dar. Hapo ndipo utajua kwamba Tanzania siyo jua tupu. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, dereva wa bodaboda amejifunga koti, kofia na skafu utadhani anakwenda vitani, na mama wa chai ya tangawizi amekumbatia chupa zake kama mtoto. Unafika nyumba ya wageni, unafungua koki ya bafuni, maji yanakugusa kidole tu, na ghafla unakumbuka kwamba jana ulioga.

Wenyeji wanacheka. Wao wameizoea, lakini kuizoea siyo kwamba haiwaumi. Mji wa Tukuyu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake umesimama Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960, na mvua ya wilaya hii kwa sehemu nyingi inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane upepo wa kusi unapanda kutoka Ziwa Nyasa, unabeba unyevu, unaugonga mlima, na kila ukuta unaotazama upande huo unalowa.

Sasa tuwekane sawa mapema. Maji ya bombani Tukuyu mjini hayagandi. Yanakuwa ya baridi ya kuuma mifupa, lakini hayageuki barafu. Kuganda kwenyewe kunaanza ukipanda juu zaidi, kwenye safu za Uporoto na hasa uwanda wa Kitulo, ambako ardhi inapita mita 2,600 na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba majani yanaamka meupe kwa sakitu. Kwa hiyo ngazi ni moja: chini ukuta wenye unyevu, juu bomba linaloganda. Na vita vya kuzuia baridi isiingie mahali watu wanapovua nguo na kuoga vina historia ndefu kwenye nchi hii ya migomba. Ni historia ya watu wasio na majina.

NYUMBA YA MIANZI NA NG'OMBE WALIOKUWA HITA

Mwaka 1879 msafiri mmoja kutoka Scotland alipita nchi ya Wanyakyusa akiwa na msafara wake. Alikuwa ameona vijiji vingi njiani, lakini hapa alishangaa. Aliandika kwa kusifu migomba, usafi wa viwanja na jinsi nyumba zilivyojengwa vizuri. Jina lake limo kwenye vitabu. Majina ya waliojenga zile nyumba hayamo.

Nyumba zenyewe zilikuwa za mianzi. Na mwanzi, mdau, ni kitu cha akili sana: kila pingili ni chumba kidogo kilichofungwa, ndani kuna hewa isiyotembea. Hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Siri hiyohiyo ndiyo inayofanya blanketi la sufu likupe joto, na ndiyo inayouzwa leo kwenye magodoro ya sponji na maboksi meupe ya kubebea samaki. Mafundi wa Rungwe walisimamisha mianzi, wakaziba kwa udongo, wakaezeka nyasi nene juu. Udongo ulikunywa joto la moto wa jioni na kulirudisha taratibu usiku, na nyasi zililizuia lisipande angani.

Halafu kulikuwa na ng'ombe. Kwenye nyumba zile ndefu, watu walilala upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, chini ya paa moja. Wageni wengine walikunja pua. Lakini ng'ombe mzima anatoa joto usiku kucha, hahitaji kuni wala umeme. Ilikuwa hita inayotoa na maziwa.

Kuoga je? Nchi yenye vijito kila bonde haikuhitaji bafu la ndani. Watu wazima walioga kijitoni jua likishachomoza. Mtoto mchanga, mzazi aliyetoka kujifungua na mzee mgonjwa ndio waliopashiwa maji kwenye chungu, wakaogeshwa karibu na moto. Aliyechota yale maji, aliyeyapasha na aliyepima joto lake kwa kiwiko alikuwa mwanamke.

Kumbuka jambo moja kwenye nyumba hiyo, maana tutalirudia: moto ulikuwa ndani, lakini nyumba ilikuwa inapumua. Moshi ulipenya kwenye nyasi na kwenye nyufa za mianzi. Macho yaliwasha, kifua kilikohoa, lakini hewa mpya iliingia.

TOFALI, BATI NA MGENI ALIYETOKA KWENYE THELUJI

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe kutoka Ujerumani na kuanzisha kituo chao chini ya mlima. Mwaka huohuo wamisionari wa Berlin nao waliingia Unyakyusa. Hawa walikuwa watu waliotoka nchi za theluji. Kwao ukuta mwembamba ni kifo. Wakafyatua tofali, wakachoma, wakajenga kuta nene. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 serikali ya Kijerumani nayo ikahamishia makao yake huku juu kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ikapaita Neu Langenburg. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, jina la Tukuyu ndilo lililoshika.

Tofali la kuchoma lilileta heshima. Halikuliwa na mchwa, halikuoza, na lilikaa miaka. Lakini tofali lina tabia ambayo mwanzi hauna: linanyonya maji. Ukuta wa tofali moja, bila lipu nje, ukipigwa na manyunyu ya mwezi wa sita, unalowa mpaka ndani. Na ukuta uliolowa unapitisha joto kirahisi kuliko ukuta mkavu, kwa sababu vile vijitundu vilivyokuwa na hewa vimejaa maji. Ndiyo maana nyumba ya tofali isiyo na lipu inaweza kuwa ya baridi kuliko kibanda cha mianzi cha babu.

Bati nalo likaja na mambo yake. Bati halivuji kama limepigiliwa vizuri, na halihitaji kuezekwa upya kama nyasi. Ila bati ni jembamba mno. Usiku wa anga safi linapoteza joto lake lote kwenda juu, linakuwa la baridi kuliko hewa yenyewe, na mvuke wa ndani ukiligusa unageuka matone. Unaambiwa watu waliamka wakifikiri paa linavuja kumbe ni pumzi zao wenyewe zinawadondokea.

KIJANA WA PIPA

Kwenye nyumba za maofisa wa kikoloni ndimo lilipoingia bafu la ndani, na ndipo akatokea mtu wa muhimu sana kwenye simulizi hii: kijana wa kuchochea moto.

Mtambo wake ulikuwa rahisi. Pipa la mafuta la lita 200 lililotumika, limelazwa juu ya meko ya tofali nje ya ukuta wa bafu. Bomba moja linaingiza maji ya baridi chini, jingine linatoa ya moto juu, linapenya ukuta, linaingia bafuni. Chini kuni zinawaka. Wazungu wa Afrika Mashariki waliupa mtambo huo jina la nchi yetu, wakauita bwela la Tanganyika, na mpaka leo kambi za watalii mbugani zinautumia. Kenya wanauita kuni busta.

Kijana aliamka kabla ya bwana wake. Alichota maji, akapasua kuni mbichi za mvua, akapuliza moto huku ukungu ukimlowesha mgongo. Bwana akaimba bafuni. Yeye mwenyewe alioga kwa maji gani? Hakuna ripoti ya boma iliyoandika habari hiyo. Jina lake halipo, mshahara wake ulikuwa mdogo, na ukuta wa bafu ulikuwa mpaka: upande mmoja mvuke na sabuni, upande wa pili tope na moshi.

Lakini kitaalamu, mpangilio ule ulikuwa na jambo moja sahihi kabisa. Moto ulikuwa nje. Maji ya moto yaliingia ndani, moshi ulibaki nje. Na joto la meko liliupasha ukuta wa bafu, kwa hiyo ukuta haukuwa na unyevu. Bila shaka wapo vijana wa pipa waliorudi makwao wakajenga mabafu yao kwa kuegemeza ukuta wa jiko. Fundi wa aina hiyo hakusoma chuo chochote. Alisoma kwa mgongo wake.

BOMBA LA KIJIJI

Uhuru ulipokuja, maji yakawa siasa ya kweli. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Ndoto ya mita 400 haikutimia kwa wote, lakini Rungwe ilikuwa na bahati yake: mlima. Chemchemi ziko juu, watu wako chini, na maji yanashuka yenyewe bila pampu.

Hapo ndipo bomba likaanza kukaribia nyumba, na nyumba ikaanza kulikaribisha. Kwanza koki ya jirani, halafu koki ya uani, halafu bafu la nje la tofali lisilo na paa, halafu, mtoto aliyesoma akituma pesa kutoka mjini, bafu la ndani lenye vigae. Kahawa, chai, ndizi, na siku hizi maparachichi, vyote vimelipia vigae hivyo.

Tatizo ni kwamba ramani nyingi za nyumba hizo zilikuja na mabasi kutoka Dar. Dar unajenga bafu upande wa upepo ili likauke na kupoa. Tukuyu ukifanya hivyo umejitafutia friji. Fundi anaweka bafu kwenye kona ya nje, kuta mbili zinapigwa na kusi, dari hakuna, bomba limepita nje ya ukuta likiwa tupu. Mwezi wa saba mama mwenye nyumba anaoga mara moja kwa wiki na hasemi kwa mtu.

KIFO KISICHO NA HARUFU

Na hapa mambo yanageuka kuwa makubwa kuliko kutetemeka tu. Watu wakishindwa na baridi ya bafu, wanafanya kinachoonekana cha akili: wanaingiza jiko la mkaa ndani. Jiko limekolea, halina moshi, chumba kinapata joto. Bafu la kisasa lina mlango unaofunga vizuri, dirisha la kioo, na yale matundu ya hewa ya juu yamezibwa kwa matambara. Mtoto anaogeshwa. Mlango umefungwa.

Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichozibwa unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa ya oksijeni inavyoishika. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja, na mtu anadhani ni uchovu. Kila msimu wa baridi, kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuna familia zinakutwa zimelala na haziamki. Mtaani utasikia maneno ya ushirikina na wivu wa ndugu. Kumbe ni jiko.

Ajabu ni kwamba Rungwe ni nchi inayozijua gesi. Ardhi yenyewe ya volkano inatoa gesi nyingine, kaboni dayoksaidi, ambayo karibu na Mlima Kyejo huvunwa kibiashara. Watu waliokulia jirani na matundu hayo wanajua kwamba hewa inaweza kuua ndege bila kuonekana. Lakini ile ya jikoni, kwa sababu imetoka kwenye jiko la mama, haiogopwi.

Sasa rudisha akili kwenye nyumba ya mianzi. Moto ndani, nyumba inapumua. Bafu la ofisa: nyumba imefungwa, moto nje. Bafu la leo: nyumba imefungwa, moto ndani. Tumechukua nusu ya kila zama, tukaunganisha nusu zisizopatana. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni kwamba wale waliojua hawakuulizwa, na hawakuandika.

UKUTA UNAFUNGWAJE, BOMBA LINALINDWAJE

Mafundi wazuri wa Rungwe wanaanza na maji, siyo na joto. Ukuta wa bafu ukiwa umelowa, kuuvalisha kitu juu ni kuficha kidonda. Kwa hiyo kwanza paa litoke nje ya kutosha, lipu ipigwe upande wa kusi, na msingi uwekewe nailoni nzito ili unyevu wa ardhi usipande.

Pili ni dari. Joto linapanda, na bati halina huruma. Bafu lisilo na dari ni sawa na sufuria isiyo na mfuniko. Kabla hujagusa ukuta, funika juu.

Tatu ndiyo ukuta wenyewe. Unapigilia fito upande wa ndani, unaacha nafasi ya vidole vitatu hivi, unaijaza kitu kilichoshika hewa. Maranda makavu yanafaa, lakini yakilowa yanaoza. Rungwe ina kitu bora zaidi: yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, yaliyorushwa na mlima kwenye mlipuko wa miaka kama 4,000 iliyopita. Hayaozi, mchwa hawayataki, na yamejaa hewa. Juu ya ujazo huo, upande wa bafu, unakuja nailoni ili mvuke usipenye, ndipo ubao na vigae. Na matundu ya hewa, moja juu na moja chini, hayazibwi hata baridi ije na mashahidi.

Nne ni bomba, na hapa sheria ni moja tu: kizuia baridi kikae kati ya bomba na nje, kamwe kisikae kati ya bomba na chumba. Ukilipitisha bomba upande wa nje halafu ukajaza maranda upande wa ndani, umelinyima bomba joto la nyumba. Umelitoa nje ulale nalo likilia. Sehemu nzuri zaidi ni ukuta wa kati, ule wa kushirikiana na jiko.

Huko Kitulo na Uporoto lazima uongeze hatua. Maji yakiganda yanavimba kwa karibu asilimia 9. Barafu inayasukuma maji yaliyobaki kuelekea koki iliyofungwa, yanakosa pa kwenda, bomba linapasuka. Na halivuji usiku ule. Linavuja saa tatu asubuhi jua likiyeyusha. Sakitu ya huku inakuja usiku wa anga safi usio na upepo, joto la ardhi linapotoroka kwenda juu, kwa hiyo bomba lililolala wazi juu ya nyasi ndilo la kwanza kuganda. Lizike hata sentimita 30, lifunge kwenye viwiko, weka koki ya kutolea maji sehemu ya chini kabisa ili jioni uyamwage. Ukishindwa yote, acha koki idondoshe kidogo usiku. Maji yanayotembea huchelewa kuganda.

Usidhani wenye pesa wamelimaliza hili. Majira ya baridi ya 1962 hadi 1963 Uingereza iliganda wiki kwa wiki, na nyumba nyingi zilikosa maji kwa sababu mabomba yalipita nje ya kuta na kwenye paa zisizofunikwa. Februari 2021 Texas, jimbo tajiri la Marekani, lilikatika umeme kwenye baridi kali. Nyumba zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya joto. Mabomba yakapasuka kila mahali, na watu waliokata tamaa wakaingiza majiko ya mkaa ndani. Wengine walikufa kwa gesi ileile isiyo na harufu. Kosa ni moja, Texas na Rungwe: nyumba ya hali ya hewa moja imejengwa kwenye hali ya hewa nyingine.

WALE WASIOTAJWA

Tukuyu ina makumbusho ya aina yake isiyo na mlango wala tiketi. Ukuta mnene wa zamani, pipa lililotoboka kutu nyuma ya nyumba, kibanda cha mianzi ambacho bibi amekataa kibomolewe. Kila kimoja kina jibu la swali ambalo vijana wanamlipa fundi mara mbili ili alijibu vibaya.

Kabla hujapigilia kigae cha kwanza, muulize bibi yako alimwogesha wapi mtoto mchanga mwezi wa saba, moto ulikuwa upande gani, na hewa iliingilia wapi. Atakuonyesha kwa mkono, pale, karibu na jiko. Halafu mwambie ndaga fijo, uchukue jembe, uhamishe bafu.